Seli Hugawanyikaje na Kuzaana? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dakani Kwetu, Lamu

Maswali haya yamekusanywa kwenye daka la nyumba yetu, mtaa wa Langoni, ninakofundisha baolojia jioni baada ya Magharibi. Mengi ni ya watahiniwa. Mengine ni ya wazazi waliokuja kuwachukua watoto wao wakakaa kusikiliza, na moja ni la muuza samaki. Mtihani ni wa Kiingereza, najua, lakini mtu akishaelewa kwa lugha yake, Kiingereza nacho humtii. Mahali ambapo jambo limeshaelezwa kwingine nimekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Seli ni nini? Ni ile ile ya polisi?

Kila mwaka kuna mmoja anayeuliza hivi ili wenzake wacheke, na kila mwaka namjibu kwamba ndiyo, neno ni hilo hilo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata ukipande mwembamba wa kizibo, akautazama kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vilivyopangana. Akaviita kwa neno la lugha yake lenye maana ya chumba kidogo. Vijumba vyenyewe vilikuwa vitupu, kwa sababu kizibo ni gamba la mti lililokwisha kufa. Aliona kuta, wenyeji wameshahama.

Seli iliyo hai ina utando wa nje, ute ndani, na katika mimea na wanyama ina kiini kinachohifadhi maandishi ya urithi. Bakteria hana kiini; maandishi yake yanaelea ndani ya ute.

Seli mpya hutoka wapi?

Kwa seli nyingine, basi. Rudolf Virchow wa Ujerumani alilitangaza hilo mwaka 1855: kila seli imetokana na seli. Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani seli zinaweza kujiunda zenyewe kutoka kwenye majimaji. Ukilifuata neno lake nyuma, mama yako, bibi yako, bibi wa bibi, huoni mahali mnyororo ulipokatika.

Mbona seli ikigawanyika haipungui?

Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu kinachowachanganya watu ni neno lenyewe. Tukisema kugawa, tunafikiria mkate: mkate mmoja, walaji wawili, kila mtu nusu. Seli haigawi hivyo.

Fikiria chuoni. Watoto wamekaa chini na mbao zao. Maalim ana sura kifuani. Mtoto anaiandika ubaoni, anaondoka nayo nzima, na Maalim hakupungukiwa hata aya. Seli nayo hunakili maandishi yake yote kwanza. Ikishakuwa na nakala mbili kamili, ndipo hujikata katikati, kila upande ukachukua ya kwake. Ute ndio unaogawanywa nusu kwa nusu, lakini ute hurudi kwa chakula. Maandishi hayarudi kwa chakula.

Kunakili kwanza, kugawa baadaye. Mwanafunzi akilishika hilo, nusu ya somo imeshaingia.

DNA na kromosomu ni vitu viwili?

Ni kitu kimoja katika hali mbili. DNA ndiyo yale maandishi ya urithi: uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu. Seli moja ya binadamu ina herufi hizo bilioni 6 hivi, na uzi wote ukinyooshwa unafika karibu mita 2, ilhali kiini chenyewe hukioni kwa macho. Mvuvi ataelewa haraka: mshipi ukiachwa wazi ndani ya mashua hutatizika, kwa hiyo unauzungusha kwenye kibao kabla ya kusafiri nao. Seli nayo, ikikaribia kugawanyika, huukunja uzi wake juu ya protini mpaka unakuwa vijiti vifupi vinene. Vijiti hivyo ndivyo kromosomu. Binadamu ana 46, na hesabu hiyo ilithibitishwa mwaka 1956 tu. Kwa miaka mingi vitabu viliandika 48.

Nakala hukosewa?

Hukosewa, ila kwa nadra mno. Zamani mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Mnakili mzuri husoma tena alichoandika, na herufi iliyomponyoka huirudishia pambizoni. Seli ina vimeng'enya vya kazi hiyo hiyo: kimoja huandika na kurudi nyuma kuhakiki, vingine hupita baadaye kusahihisha. Kinachobaki ni takriban kosa moja kwa herufi bilioni, au chini ya hapo. Makosa mengi kati ya hayo hayadhuru. Mengine huleta ugonjwa, na machache sana huleta jambo jipya lenye faida. Kuhusu makosa yanayolimbikizana, soma swali la saratani.

## Mitosisi: seli moja kuwa mbili zinazofanana

Tueleze mitosisi bila yale majina magumu.

Nakala zimeshafanyika. Kila kromosomu sasa ina pacha wake, wameshikana kiunoni. Utando wa kiini unayeyuka. Kutoka ncha mbili za seli zinatokeza nyuzi, zinapapasa mpaka zinazishika kromosomu, kila pacha akashikwa na upande wake. Zote zinasukumwa hadi katikati na kujipanga mstari.

Hapo seli husubiri. Hata kromosomu moja ikiwa bado haijashikwa pande zote mbili, hakuna kinachovutwa. Nyingine zote zinaingoja. Ya mwisho ikishashikwa, gundi inakatwa na mapacha wanavutwa, huyu huku, yule kule. Kiini kinajijenga upya kila upande, kisha seli inajibana kiunoni mpaka inakatika. Mmea hauwezi kujibana kwa sababu una ukuta mgumu, kwa hiyo hujenga ukuta mpya katikati.

Na yale majina?

Profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Kukunja, kupanga, kuvuta, kufunga. Yakariri kwa mpangilio huo upate alama zako, tusonge mbele.

Huchukua muda gani?

Seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara humaliza mzunguko mzima kwa saa 24 hivi, na mitosisi yenyewe ni kama saa moja tu. Muda mwingine wote seli inakula, inakua na kunakili. Ndani ya mwili kila mahali pana mwendo wake. Ngozi laini ya ndani ya utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Seli za ubongo nyingi hazigawanyiki tena ukubwani. Chembe nyekundu za damu hazina kiini kabisa, kwa hiyo haziwezi kugawanyika. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, milioni 2 hivi kila sekunde, na huishi siku 120.

Nani huiamuru seli igawanyike au itulie?

Jibu la swali hili lilipatikana kwa vitu ambavyo Lamu tunavikanyaga, tunavipika, na kimoja tunakikwepa.

Cha kukanyaga ni yule mnyama wa mwambani mwenye miiba inayotuvunjikia nyayoni maji yakitoka. Mwaka 1982 Tim Hunt alikuwa akichunguza mayai ya jamaa zake huko Woods Hole, Marekani, akaona protini moja inayoongezeka polepole, kisha inatoweka ghafla kila mayai yanapogawanyika, kisha inaanza kuongezeka tena. Aliiita siklini. Ndiyo saa ya seli. Cha kupika ni hamira, ambayo Leland Hartwell aliitumia kutafuta jeni, yaani vipande vya maandishi ya urithi, zinazoongoza mzunguko wa seli. Na cha kukwepa: Paul Nurse alitumia jamaa wa hamira aliyegunduliwa kwenye pombe ya mtama ya Afrika Mashariki, na jina lake rasmi la kisayansi linaishia na neno *pombe*. Neno letu hilo, hata kama kinywaji si chetu.

Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, mwaka ule ule Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hayahusiani hata kidogo. Nayataja pamoja kwa sababu mwaka umekuwa rahisi kukumbukwa darasani.

Unga wa mahamri huumuka kwa sababu hamira inazaana?

Hapana, ingawa nilifikiri hivyo mpaka ukubwani. Hamira huzaana kwa kuchipua: kijiseli kidogo kinatokeza ubavuni mwa mama, kinakua, kinakatika. Hali ikiwa nzuri kabisa hiyo ni kama dakika 90. Kwa hiyo muda wa unga kukaa umefunikwa unatosha mizunguko michache tu, na seli zenyewe ni ndogo mno kuujaza mkungu. Kinachouinua unga ni hewa: hamira inakula sukari na kutoa kaboni dayoksaidi, na unga ulioshikana unaizuia isitoke.

Ramadhani moja, kwa haraka ya futari, nilimimina tui likiwa limetoka motoni. Nikasubiri. Unga haukutikisika. Hamira ilikuwa imekufa zamani, na mahamri yakatoka bapa, ya kutafuna kama ngozi ya ngoma. Mama aliyala bila kusema neno, na huko kutosema ndiko kulikoniuma.

Mbona samaki asubuhi ni mzima, adhuhuri ananuka?

Swali la muuza samaki, na jibu lake ni hesabu. Bakteria hana nyuzi za kuvuta wala mstari wa kusubiri; hunakili maandishi, hurefuka, hujikata. Baadhi yao kwenye joto linalowafaa humaliza kwa dakika 20. Bakteria mmoja saa 12 asubuhi: baada ya saa moja ni 8. Saa 7 mchana ameshajizidisha mara 21, na hesabu inafika 2,097,152. Na samaki hakuanza na mmoja.

Barafu haiwaui wengi wao. Huwachelewesha tu, ile dakika 20 ikawa saa nyingi. Ndiyo maana barafu ya saa 5 haimsaidii samaki aliyeachwa juani tangu alfajiri.

## Meiosisi: nusu kwa ajili ya kukutana

Meiosisi inatofautianaje na mitosisi?

Kama yai lingekuwa na kromosomu 46 na mbegu ya kiume 46, mtoto angekuwa na 92, na mjukuu 184. Kwa hiyo seli za uzazi hunakili mara moja lakini hugawanyika mara mbili, na zinazotoka zina 23 kila moja. Kwa mwanamume hupatikana mbegu nne. Kwa mwanamke hupatikana yai moja kubwa, na vijiseli vidogo vinavyotupwa, maana yai linataka akiba yote ya chakula libaki nayo.

La pili, na ndilo tamu: kabla ya mgawanyiko wa kwanza, kromosomu uliyoipata kwa baba na mwenzake wa upande wa mama hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Kisha kila jozi inaachana bila kuiuliza jozi nyingine imeelekea wapi. Kwa jozi 23, hata bila kubadilishana vipande, mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko 8,388,608. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja, mmoja ana macho ya babu na mwingine hana hata kucha yake.

Mke akizaa wasichana watupu, kosa ni lake?

Bwana mmoja mwenye mabinti watano aliniuliza hili mbele ya mkewe. Mayai yote ya mama hubeba kromosomu ya X. Mbegu za baba, kwa sababu ya meiosisi, nusu hubeba X na nusu hubeba Y. X ikifika kwanza ni binti, Y ikifika ni mwana. "Ami," nikamwambia, "hesabu iko kwako." Mkewe alijifunika uso kwa buibui, mabega yakawa yanatikisika.

Lakini kwa haki, hata yeye hana kosa. Kila mimba ni karibu nusu kwa nusu, haikumbuki iliyotangulia. Katika kila familia 32 za watoto watano, moja hivi itakuwa na mabinti watupu kwa bahati tu.

Pacha hupatikanaje?

Wanaofanana walikuwa yai moja lililorutubishwa na mbegu moja, kisha kikundi cha seli kikatengana kuwa viwili ndani ya majuma mawili ya mwanzo. Wasiofanana ni mayai mawili na mbegu mbili. Kwa urithi ni ndugu wa kawaida waliosafiri pamoja.

Ni kweli yai lililonizaa lilianza tumboni mwa bibi yangu?

Ni kweli, na kila nikilisema daka zima hunyamaza. Mtoto wa kike akiwa bado hajazaliwa, seli zake za mayai huanza meiosisi, kisha husimama katikati. Hukaa hivyo miaka na miaka. Msichana akibaleghe, yai moja moja huamshwa, na hatua ya mwisho haikamiliki mpaka mbegu iingie. Kwa hiyo bibi alipokuwa na mimba ya mama yako, yai ambalo lingekuwa wewe lilikuwa limo mle mle. Mwanamume yuko tofauti: mbegu zake huanza kutengenezwa akibaleghe, na huendelea.

Kusubiri huko kuna gharama. Kadiri miaka inavyopita, gundi inayozishikanisha kromosomu hulegea, na jozi huweza kukosea kuachana. Yai likibaki na kromosomu namba 21 mbili, mtoto atakuwa na tatu. Hiyo ndiyo hali ya Down, ambayo chanzo chake kilielezwa mwaka 1959. Uwezekano huongezeka umri wa mama ukipita miaka 35, ingawa mama kijana naye huweza kumpata mtoto kama huyo. Nimeisikia ikiitwa laana, nimeisikia ikiitwa kijicho cha jirani. Ni kromosomu moja iliyoelekea upande usio wake, na mtoto ni mtoto.

## Visa vya pembeni

Kwa nini nyumbu hazai?

Namaanisha yule wa punda na farasi, wazee humwita baghala, wala si yule wa Maasai Mara. Punda wetu wana kromosomu 62, farasi 64. Nyumbu hupata 31 kwa huyu na 32 kwa yule, jumla 63. Mwili wake ni mzima, tena una nguvu, kwa sababu mitosisi haijali jozi. Hunakili tu kilichopo. Meiosisi ndiyo inayotaka kila kromosomu ilale na mwenzake, na hapo 63 hazipangiki. Wachache waliozaa wamerekodiwa, lakini ni nadra mno.

Wingi wa kromosomu si ukubwa wa akili, usije ukadhani. Punda milia wa Grevy, yule wa kaskazini mwa Kenya, ana 46 kama wewe.

Ndizi haina mbegu. Mgomba unazaanaje?

Ugonjwa wa nyumbu, ila mkulima kaufurahia. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu, 11 kila moja, na seti tatu hazigawanyiki mbili kwa mbili, kwa hiyo mbegu haziundwi. Zimebaki vidoa vyeusi tu. Mgomba huendelezwa kwa chipukizi la shinani, mitosisi tupu, na mtoto ni nakala ya mama. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa unaomuua mmoja unaweza kuliua shamba zima.

Kuku wangu anataga bila jogoo. Yataangua?

Kula mayai.

Homa ya malaria huja na kuondoka. Inahusu mgawanyiko?

Inahusu sana. Kimelea wa malaria kali akiingia kwenye chembe nyekundu hakati mara moja mara moja. Hugawa kiini chake tena na tena ndani ya ute mmoja, kisha kwa mkupuo mmoja hujikata vipande 16 hadi 32 hivi, chembe inapasuka, na vyote hutoka kutafuta chembe nyingine. Mzunguko huo ni saa 48 hivi. Chembe nyingi zikipasuka kwa pamoja ndipo baridi na homa hupanda. Dalili zikianza, damu ipimwe. Kusubiri homa "irudi" ni kuwapa zamu nyingine.

Saratani ni seli za namna gani?

Ni seli zako mwenyewe zilizopoteza breki. Inahitaji makosa kadhaa ya kunakili yalimbikizane katika ukoo mmoja wa seli: breki moja, ya pili, kisha mhakiki mwenyewe. Ndiyo sababu huja zaidi uzeeni.

Seli ya kawaida ina kikomo pia. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha zinagoma. Ncha za kromosomu hufupika kila zinaponakiliwa, na ncha hizo ni kama ncha ya kamba ya jahazi iliyofungwa uzi isifumuke. Uzi ukiisha, kamba haifai. Seli nyingi za saratani hujifungia uzi upya kila mara. Zile za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951, zinagawanyika maabara hadi leo. Zilichukuliwa bila yeye kuulizwa.

Basi saratani inaambukiza?

Kumuuguza mgonjwa, kula naye, kumkumbatia: hapana. Ila kuna virusi vinavyoambukiza na kuzilegeza breki za seli, mfano ni HPV inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, ile iliyomuua Henrietta Lacks. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi yake mwaka 2019.

Bakteria akigawanyika, yupi mzazi na yupi mtoto?

Wanabaki wawili na hakuna maiti, kwa hiyo kwa wengi wao swali halina pa kushika. Kwa hamira linashika. Kila chipukizi likikatika huacha kovu la duara mwilini mwa mama, na kwa hadubini na rangi maalumu makovu huhesabika. Hamira huzaa mara 20 hadi 30 hivi, kisha huzeeka na kufa.

Naweza kuuona mgawanyiko kwa macho yangu?

Unaweza, kwa kitunguu. Kiweke mdomoni mwa gilasi, tako liguse maji kidogo. Mara ya kwanza nilitumia maji ya kisima chetu yenye chumvi na mizizi ikagoma. Tumia ya mvua. Mizizi ikifika sentimita mbili, kata ncha, milimita mbili tatu tu, kwa maana huko ndiko mgawanyiko uliko. Kwa msaada wa mwalimu wa maabara, ilainishe kwa asidi hafifu iliyopashwa moto, itie rangi nyekundu, funika kwa kioo, bonyeza kwa kidole gumba bila kutelezesha.

Nyingi zitakuwa zimetulia, kiini duara kama punje ya mtama. Usikate tamaa, sogeza taratibu. Mwaka jana binti mmoja wa Kidato cha Tatu alikaa na hadubini ya kuazima mpaka wenzake wakaanza kuondoka, kisha akaniita. Alikuwa ameipata: kromosomu zimeachana, mikia imeelekeana katikati, kila kundi likivutwa upande wake. Aliitazama muda mrefu.

"Mwalimu, mbona haziendelei?"

Nikamwambia asidi ilishaziua, zilikufa zikiwa hapo hapo zilipofikia. Akarudisha jicho, akaangalia tena.

"Ningechelewa kukata kidogo," akasema, "zingekuwa zimefika."